Mchoro Ndani ya Kifuniko

Sisi mafundi redio wa zamani tulisomeshwa na karatasi. Ukifungua kifuniko cha nyuma cha redio ya valvu, na hata redio nyingi za mwanzo za transista, ulikuta mchoro wa saketi umebandikwa kwa gundi upande wa ndani. Kila rezista na thamani yake, kila kapasita na mahali pake, na volti ambazo mita yako ilipaswa kusoma ukigusa hapa au pale. Aliyeitengeneza redio alijua kwamba siku moja itakufa, na itafia mbali naye, mikononi mwa mtu asiyemjua. Akamwachia mtu huyo maelezo.

Baadaye karatasi ile ikaanza kuhama. Kwenye televisheni za rangi iliingia katika kitabu cha fundi, cha kununua kwa wakala ukijaliwa kumpata. Kwenye simu za mkononi ikatoweka. Tukabaki kuazimana michoro iliyovuja, hakuna ajuaye imetoka wapi. Fundi aliyezoea kubadilisha rezista moja akawa anabadilisha bodi nzima, na mteja ndiye anayelipa tofauti.

Nayasema haya kwa sababu vijana ninaowafundisha hapa Dar es Salaam, katika chumba kidogo nyuma ya kibanda changu, huzikuta bodi ndogo za kuandikiwa programu, Arduino na Raspberry Pi, madukani Kariakoo kana kwamba zimekuwapo tangu enzi na enzi. Kuziwasha wanajua. Zilikotoka hawajui. Mimi huwaambia kwamba historia ya bodi hizi ni historia ya mchoro: nani aliuficha, nani aliutoa hadharani, na kilimsukuma nini. Wengi hudhani ni ukarimu. Ukarimu ulikuwapo, lakini hofu ilitangulia.

Kompyuta za kwanza za mtu wa kawaida zilikuja na michoro yao kama redio. Mwaka 1976 kampuni ya MOS Technology ya Pennsylvania, Marekani, ilianza kuuza KIM-1 kwa dola 245. Ilikuwa bodi moja tupu isiyo na kasha, yenye vitufe vichache na tarakimu sita nyekundu za kuonyeshea namba. Kumbukumbu yake ya kuandikia haikufika hata kilobaiti moja na robo. Lakini mnunuzi alipata pia vitabu, mchoro mkubwa wa saketi wa kutundika ukutani, na programu iliyomo ndani ya chipu imechapishwa mstari kwa mstari. Kitabu cha Apple II cha mwaka 1978 kilifanya vivyo hivyo. Mwaka 1981 IBM ilipotoa kompyuta yake binafsi, nayo ilichapisha kitabu cha kiufundi chenye michoro yote pamoja na programu ya kuamshia mashine.

Hapo ndipo ulipojificha mtego. IBM iliionyesha programu ile, lakini haikumruhusu mtu kuinakili; hakimiliki ilibaki mkononi mwake. Compaq, ilipotaka kutengeneza kompyuta inayolingana na ya IBM, ililazimika kugawa wahandisi wake makundi mawili. Kundi moja lilisoma na kuandika tu kile ambacho programu inafanya. Kundi la pili, la watu ambao hawajawahi kuiona programu yenyewe, likaiandika upya kutokana na maelezo hayo. Kazi kubwa namna hiyo, kwa sababu kuonyeshwa kitu si kuruhusiwa kukitumia. Tofauti hiyo ndiyo iliyokuja kuzaa leseni za vifaa huria, yaani vyenye mchoro ambao kila mtu ameruhusiwa kuutumia, na kijana asiyeielewa hawezi kuelewa lolote katika yanayofuata.

Wakati huohuo chipu ya aina nyingine ilikuwa inakua kimyakimya. Kompyuta huhitaji ubongo, kumbukumbu na milango ya kuingizia na kutolea umeme. Mwaka 1974 Texas Instruments ilianza kuuza TMS1000, iliyoviweka vyote hivyo ndani ya chipu moja. Hiyo ndiyo maikrokontrola. Intel ikafuata na 8048, kisha mwaka 1980 ikatoa 8051, chipu ambayo mpaka leo ukoo wake haujakatika. Zikaingia kwenye vikokotoo, mashine za kufulia, rimoti na breki za magari. Mtu wa kawaida alizitumia kutwa bila kujua zipo.

Kuzifundisha kazi ndiko kulikokuwa na shida. Chipu za miaka hiyo zilizoweza kuandikwa upya zilikuwa na dirisha dogo la kioo mgongoni. Ili ufute programu, uliichomoa chipu, ukaiweka chini ya taa ya miale ya urujuanimno kwa dakika ishirini hivi, kisha ukaipeleka kwenye kifaa maalumu cha kuandikia. Umekosea alama moja? Rudi kwenye taa. Kifaa cha kuandikia kilikuwa ghali, na programu zake zilikuwa za kununua. Kazi hiyo ilibaki ya viwanda na vyuo vikuu.

Miaka ya 1990 mambo mawili yalilegeza kamba. Mwaka 1992 kampuni ya Parallax ya California ilitoa BASIC Stamp, bodi ndogo ambayo ungeiandikia programu kwa lugha rahisi moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta. Walimu waliipenda. Ila ilikuwa ghali kwa mfuko wa mwanafunzi, na programu ya kutafsiri lugha yake ilifungiwa ndani ya chipu. Jambo la pili lilitokea Trondheim, Norway. Wanafunzi wawili wa chuo cha ufundi cha huko, Alf-Egil Bogen na Vegard Wollan, walibuni muundo wa chipu ambao kampuni ya Atmel iliuchukua na kuuingiza sokoni mwaka 1997 kwa jina la AVR. Chipu hizo zilifutika kwa umeme, hapohapo kwenye bodi, bila dirisha wala taa. Kumbuka jina hilo, AVR, maana litaonekana Italia na litaonekana Uingereza.

Makarani wa zamani wataujua mji wa Ivrea bila kuwa wamefika. Uko kaskazini mwa Italia, si mbali na Torino, na ndiko nyumbani kwa Olivetti, ile ya mashine za chapa. Mwaka 1965 Olivetti ilikuwa imeonyesha Programma 101, mashine ya hesabu ya kuweka mezani iliyokubali kuandikiwa programu, kazi ya kundi la mhandisi Pier Giorgio Perotto. Kufikia mwisho wa karne enzi hiyo ilikuwa imepita. Mwaka 2001, kwa fedha za Telecom Italia na Olivetti, ilifunguliwa Ivrea shule ndogo ya uzamili ya kubuni vifaa ambavyo mtu huzungumza navyo kwa kugusa, kubonyeza na kusogea. Wanafunzi wake walikuwa wabunifu. Wengi hawakuwa wahandisi, na kwao rezista na skrubu vilikuwa vitu vya dunia moja isiyowahusu.

Mwalimu wao mmoja alikuwa Massimo Banzi. Alikuwa akitafuta bodi ya kufundishia, na zilizokuwapo zilimchosha kwa bei au kwa ugumu. Mwanafunzi mmoja kutoka Colombia, Hernando Barragán, akaichukua shida hiyo kuwa kazi yake ya shahada ya uzamili, chini ya usimamizi wa Banzi na Casey Reas. Reas, pamoja na Ben Fry, tayari alikuwa ameanzisha Processing, lugha ya kuwafundishia wasanii programu. Mwaka 2003 Barragán alianza kutengeneza kitu alichokiita Wiring: bodi yenye chipu ya AVR, ATmega128, na amri nyepesi ambazo hata mchoraji angezisoma. Washa pini hii. Subiri kidogo. Izime. Ndani ya amri hizo alizifukia taratibu zote ngumu za chipu. Mwanafunzi wangu yeyote anayeandika leo amri ya kuwasha taa ya LED anaandika maneno ya Barragán, ajue asijue.

Mwaka 2005 Banzi, akiwa na Mhispania David Cuartielles na mwanafunzi David Mellis, alichukua msimbo wa Wiring na kuuhamishia kwenye chipu ya bei ya chini zaidi, ATmega8. Wakajiunga Tom Igoe wa New York na Gianluca Martino aliyekuwa na karakana ya kuunda bodi karibu na Ivrea. Wakaipa bodi hiyo jina la baa waliyozoea kukutania mjini, Bar di Re Arduino, baa ambayo nayo imebeba jina la Arduino wa Ivrea, aliyetawazwa mfalme wa Italia mwaka 1002. Barragán hakuwamo katika kundi hilo. Mwaka 2016 aliandika maelezo marefu ya upande wake, akionyesha ni kiasi gani cha Arduino kilitoka katika kazi yake. Mimi nikifundisha namtaja yeye kwanza.

Sasa tufike kwenye hofu. Shule ya Ivrea ilikuwa inaishiwa fedha. Ilijulikana kwamba itafungwa au itamezwa, na kweli haikupita muda ikahamishiwa Milano na kuunganishwa na chuo kingine. Walimu na wanafunzi wakajiuliza: shule ikifa, kazi hii itakuwa mali ya nani? Mwanasheria gani ataikuta kabatini na kuifungia humo? Banzi ameeleza mara nyingi kwamba kuitoa hadharani kulikuwa njia ya kuiokoa. Msimbo wakautoa kwa leseni za programu huria. Michoro ya bodi wakaitoa kwa leseni ya Creative Commons, yenye masharti mawili: mtaje aliyetangulia, na ukibadilisha mchoro ukautoa, utoe kwa masharti yaleyale. Kwa nje ni tendo la ukarimu. Kwa ndani ni la mtu anayegawa mbegu kwa majirani kabla ghala halijashika moto.

Kitu kimoja tu hawakukigawa, nacho ni jina. Chora, nakili, uza, lakini usiiite Arduino bila ruhusa.

Ukiishika Arduino Uno, toleo lililotoka mwaka 2010, unaiona historia hiyo kwa macho. Mgongoni pamechapwa ramani ya Italia. Mbele kuna chipu ndefu yenye miguu 28, ATmega328P, inayokwenda kwa megahezi 16, yenye kilobaiti 32 za kuhifadhi programu na kilobaiti 2 tu za kumbukumbu ya kazi. Kwenye Uno ya kawaida chipu hiyo imekaa kwenye soketi, haijalehemiwa. Mwanafunzi akiiunguza, unatia bisibisi chini yake, unaing'oa, unapachika nyingine. Anayebuni hivyo amekubali tangu mwanzo kwamba anayejifunza ataunguza.

Halafu tazama safu ya matundu upande wa juu. Matundu yamepangwa kwa nafasi ya milimita 2.54, kipimo ambacho kila bodi ya kulehemia ya madukani hukifuata. Lakini kati ya pini namba 7 na namba 8 nafasi imeruka ikawa milimita 4 na kidogo. Haina maana yoyote ya umeme. Ni kosa la wachoraji wakati wa kuchora kwa haraka, likagundulika bodi zimeshatoka na watu wameshatengeneza bodi za kupachika juu yake. Kulisahihisha kungezifanya hizo zote zisiingie. Basi likaachwa. Kila kiwanda cha China kinachonakili Uno kinanakili na kosa, kwa uaminifu mkubwa.

Cambridge, Uingereza, hofu ilikuwa nyingine. Mwaka 1981 BBC ilikuwa imeshirikiana na kampuni ya Acorn ya mji huo kuingiza kompyuta ya BBC Micro madarasani, na kizazi kizima cha watoto wa Uingereza kikajifunza kuandika programu. Wahandisi wa Acorn, Sophie Wilson na Steve Furber, wakaendelea hadi wakabuni ARM, chipu iliyofanya kazi mara ya kwanza mwaka 1985 na ambayo watoto wa watoto wake wamo kwenye simu yako. Miaka ishirini baadaye Eben Upton na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge waliona waombaji wa kusoma kompyuta wanapungua, na wanaokuja hawajawahi kuandika programu. Watoto walikuwa na kompyuta zilizofungwa, za kuchezea tu.

Mwaka 2006 Upton alijenga jaribio lake la kwanza kwa mkono, akilehemu waya mmoja mmoja, juu ya chipu ya ATmega644. AVR tena, ya Trondheim. Haikutosha. Taasisi ya Raspberry Pi ilipoandikishwa mwaka 2009 wakahamia chipu ya Broadcom yenye ARM ndani yake, na tarehe 29 Februari 2012 bodi ikaanza kuuzwa: dola 35, kumbukumbu megabaiti 256, mfumo wa Linux kwenye kadi ndogo. Toleo la kwanza lilikuwa bodi 10,000. Tovuti za wauzaji wawili zilielemewa asubuhi ileile. Hata hivyo bodi zilichelewa, maana kiwandani China walikuwa wamefunga soketi ya mtandao isiyo na sumaku zake za ndani, ikabidi zibadilishwe.

Vijana huzitaja Arduino na Raspberry Pi kwa pumzi moja, mimi huwakatiza. Kwanza kazi zake ni tofauti kabisa: moja ni chipu inayorudia amri zilezile mpaka umeme ukatike, nyingine ni kompyuta kamili inayoweza kufungua barua pepe. Pili, na hili ndilo kubwa kwangu, Raspberry Pi haikufunguliwa kama Arduino. Programu zake nyingi ni huria, lakini mchoro wake hutolewa nusunusu, na chipu ya Broadcom huwezi kuinunua dukani ukajitengenezea bodi yako. Aliyetaka kompyuta ya bodi moja yenye mchoro kamili alikuwa na BeagleBoard, iliyotoka mwaka 2008 kwa wahandisi wa Texas Instruments, na BeagleBone Black ya mwaka 2013 kwa dola 45. Cambridge ilishinda kwa bei na vitabu vya kufundishia. Mwishoni mwa 2015 ilitoa Pi Zero ya dola 5 na kuibandika bure kwenye jalada la jarida lake.

"Mzee, hii orijino au feki?" Swali hilo naulizwa kila kundi jipya likija na bodi za Kariakoo. Najibu: geuza, soma. Ikiwa imeandikwa Arduino na haikutoka kwao, hiyo ni feki, imeiba jina. Ikiwa haina jina, au ina jina la kiwanda chake, ni kopi halali, leseni imeruhusu. Kisha nawaonyesha chipu ndogo karibu na soketi ya USB. Kwenye Uno ya Italia ni chipu nyingine ya Atmel. Kwenye kopi nyingi ni CH340 ya China, rahisi zaidi. Hiyo ndiyo sababu kompyuta nyingine hukataa kuiona bodi mpaka uiwekee programu ya CH340. Bila kopi hizo, wengi wa wanafunzi wangu wasingewahi kushika bodi.

Mwaka jana kijana mmoja alitengeneza mashine ya kutotolea vifaranga. Kihisi cha joto, balbu, relei, na kopi ya Uno ya kushika nyuzi 37.5. Kila balbu ilipozimika, hesabu ya siku ilirudi sifuri. Tulifungua mchoro wa bodi, tukafuata njia ya volti 5 hadi kwenye chipu, kisha tukachora ile sehemu ya relei aliyoiunda mwenyewe. Koili ya relei ilikuwa haina dayodi. Ikikatiwa umeme inarusha mshindo wa volti kinyume, chipu inazinduka upya. Dayodi moja ya 1N4007, kazi ikaisha. Jirani yake alikuwa na mashine ya kununua, kidhibiti chake kimemwagiwa gundi nyeusi ngumu. Ilipoharibika, mayai yalioza na kidhibiti kikatupwa.

Majina yale makubwa yamepita mikono mingi. Kuanzia mwaka 2014 waanzilishi wa Arduino waligombana hadharani, maana Martino alikuwa ameandikisha jina kwa kampuni yake nchini Italia. Kwa muda bodi za upande wa Banzi nje ya Marekani ziliitwa Genuino, hadi walipopatana Oktoba 2016. Juni 2024 kampuni ya Raspberry Pi iliingia kwenye soko la hisa la London. Oktoba 2025 Qualcomm ilitangaza kuinunua Arduino. Baadhi ya wanafunzi walishtuka. Niliwaambia kilichouzwa ni jina, kampuni na bodi zitakazokuja. Mchoro wa Uno ya 2010 umeshatoka na leseni yake, na hakuna mnunuzi anayeweza kuurudisha kabatini.

Kinachonisumbua kiko karibu zaidi. Yule kijana wa vifaranga sasa anauza mashine zake, na kabla ya kufunga kasha anachukua msasa na kufuta namba juu ya chipu zote, ili asiigwe. Mashine nzima imesimama juu ya kazi ya Barragán, ya Trondheim na ya Ivrea, naye anawafungia walioko nyuma yake. Nilimuuliza. Akanijibu, "Mzee, nikiwaonyesha, nitakula nini?"

Ni swali la haki, na watu wa Ivrea walilijibu kwa vitendo miaka zaidi ya kumi: waliuza bodi zilizojaribiwa, waliuza jina lililoaminika, na mchoro wakauacha wazi. Nimemshauri aandike jina lake kubwa juu ya kasha, aliandikishe, awe mtu ambaye mfugaji wa Mkuranga au Kibaha atampigia simu mashine ikizima. Mchoro wa sehemu ya relei, pamoja na ile dayodi, ameshanikubalia niutumie darasani. Wa mashine nzima bado tunabishana.